Mfalme Asiyevaa Makubadhi

Matrah, Jumatano, baada ya Alasiri

Mwanangu Abdalla,

Toka Adamu mpaka leo watu wamegawiwa: huyu sura, yule akili, mwengine ulimi. Mimi nilipanga foleni mara tatu. Ndiyo maana askari wa lango la Maskati, siku ile aliponikuta njiani jua limeshazama na sina taa mkononi kama sheria inavyotaka, nilimwambia taa yangu ni hii sura, akacheka mpaka akasahau kunifunga. Na lau yule mfalme shujaa wa Wazulu angeliishi zama zangu, angelinipa mkuki wake nimshikie, akaenda zake kulala, kwa kujua nchi iko mikononi mwa mtu.

Haya, salaam nshatoa. Mambo ya fulana, ya dawa ya kifua na ya pilipili iliyotiwa kwenye kopo la maziwa, mamaako keshakwambia mara kumi na atakwambia ya kumi na moja kesho pwani. Mimi simo humo.

Sasa hivi umekwenda naye kwa shangazi yako kuaga. Ami yako Salum yuko barazani na sindano yake, anadarizi kofia na kuimba, sauti mbaya vile vile. Mimi nimekaa ndani, nna kalamu yako na karatasi nilizozichana katikati ya daftari lako la hesabu, usigombe. Hati yangu unaijua. Skuli niliacha darasa la nne, kwa sababu mimi na mwalimu hatukuafikiana nani amfundishe mwenziwe.

Barua hii utaisoma meli ikishaondoka. Nimefanya kusudi. Mimi ni mtu wa kusema mbele ya watu mia wakanipigia makofi, lakini hili nimelijaribu siku nne mbele yako peke yako, na kila nikifungua mdomo hutoka mzaha.

Nianze na lililo jepesi. Mtu atakayekupokea Kuwait si jamaa wa babu yako kama nilivyokwambia. Ni Khamis.

Ndiyo, Khamis huyo huyo.

Kaa kitako. Najua umeshasimama, na wenzako wanakutazama. Najua pia ni nani aliyekufundisha kusimama hivyo. Katika nyumba hii jina la Khamis halijapata kutajwa bila ya neno khaini nyuma yake, na neno hilo ulilipata kinywani mwangu kabla hujaijua njia ya msikitini. Khamis aliyekosea kuhesabu watu katika falaj, ule mfereji wa maji wa Bawshar. Khamis aliyemwacha Ami Salum na nyonga isiyobeba mwili. Sikukuu ya mwaka juzi ulisimama mbele ya ami yako ukaapa kwamba siku utakayomwona Khamis utamtemea mate miguuni. Mimi nikacheka, nikakupiga bega, nikakukatia pande kubwa la halua. Salum hakucheka. Aliniambia nimpe uzi.

Kwa hiyo najua litakalotokea bandarini Kuwait nisipoandika. Utashuka na wenzako watano nyuma yako, watoto wa watu, ambao wazee wao wamekufanya wewe mkubwa wao. Utatema mate, nao wataona, na mlango mmoja uliofunguliwa kwa ajili yenu katika mji ule utafungwa pale pale. Na kurudi hapa si kwepesi. Unajua kama mimi kwamba anayetoka kwenda kusoma huenda wakubwa wa nchi hii wasimruhusu kurudi. Ningelisema nitakueleza ukija likizo. Likizo yenyewe siioni.

Sasa lile daftari lako la jalada la buluu. Unadhani silijui. Juu umeandika kwa hati nzuri, nzuri kuliko yangu, Hekima za Mfalme wa Wazulu, na ndani umezipanga kwa nambari mpaka arobaini na moja. Umelitia chini ya mto siku zote hizi na leo umelitia kwenye mkoba wa mkononi, usilipoteze. Siku moja nilikukuta unawasomea wenzako kule nyuma ya soko la samaki, mmoja akakuuliza nani kasema, ukajibu, "Kasema mfalme, na babangu kamjua mtu aliyemjua." Nilirudi nyumbani kifua kimejaa kama tanga.

Abdalla, juu ya mfalme yule mimi nilijua mambo manne tu. Niliambiwa na mpishi mmoja wa meli, Mngazija, aliyepata kukaa Durban. Kila meli yake ikifika Unguja alikuwa akiingia sinema bure, maana mimi ndiye niliyekuwa nikikata tikiti mlangoni, na ujira wangu ukawa hadithi. Aliniambia kwamba mfalme aliwapokonya askari wake mikuki mirefu ya kurusha akawapa mifupi, ili mtu amsogelee adui mpaka amwone macho. Kwamba aliwavua viatu, akawachezesha juu ya miiba mpaka nyayo zikawa kama ngozi ya ng'ombe. Kwamba jeshi lake alilipanga kama fahali: kifua mbele, na pembe mbili zinazunguka mpaka zikutane. Jambo la nne nitakwambia, ngoja.

Mengine yote ni yangu. "Aulizaye njia keshapotea," nililisema siku nilipopotea mimi hapa hapa Matrah nikaona haya kuuliza. "Jeshi linalotazama miguu yake halimwoni adui," langu. "Mfalme hangoji maji, maji humngoja mfalme," langu pia, na hilo likumbuke. Nilikuwa nikiyatia kinywani mwa mfalme kwa sababu yakitoka kwangu yalikuwa maneno ya mkata tikiti. Yakitoka kwake watu hunyamaza. Maiti hakatai, nikamtwisha.

Ushasikia mara ngapi kwangu kwamba sisi tumesalitiwa mara tatu. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole mkila, kama wimbo. Kidole cha kwanza, jirani yetu Unguja, aliyekuwa akifuturu kwetu kila Ramadhani, na mwaka ule wa sitini na nne ndiye aliyewaonesha watu nyumba yetu. Cha pili, binamu zetu huku. Tuliteremka hapa na mabegi mawili tukidhani tumefika kwetu, wakacheka Kiarabu chetu na wakatuita Zinjibari kama vile ni jina la maradhi. Cha tatu Khamis. Na hicho cha tatu nilikuwa nikikikunja kwa nguvu kuliko vyote.

Hadithi yake unaijua kwa nilivyoisimulia mimi. Leo isikie kwa ilivyokuwa.

Mwaka wetu wa pili hapa, wachimbaji wenyewe wa falaj walikuwa wameshakimbilia Kuwait na Bahrein. Mfereji wa Bawshar, unaopita chini ya ardhi kutoka mlimani mpaka mashambani, na mashimo ya kushukia njiani, ulijaa tope, maji yakawa uzi, mitende inakauka vichwa. Wazee wenye mashamba wakaja Matrah kutafuta watu. Mimi sikupata kuchimba hata kaburi la paka. Nilisimama penye kahawa nikasema nshaongoza watu. Watu gani, ningeliulizwa, ningelijibu wale wa foleni ya sinema, lakini hakuna aliyeuliza.

Nikakusanya wenzetu kumi na wanne, wote wa meli moja. Fundi cherahani, wauza urojo wawili, mwalimu wa chuo cha Kurani, mpiga fidla mmoja ambaye vidole vyake alikuwa akivifunga kitambaa ili visichubuke. Khamis, sahibu yangu wa toka utotoni, aliyekuwa fundi baiskeli. Na Salum, kakaangu, aliyekuja, kwa maneno yake, kwa kuwa lazima pawe na mtu wa kuniangalia.

Siku ya kwanza niliwavua makubadhi. Wote. Nikawapanga nikawahutubia habari za mfalme, nikawachezesha ngoma juu ya miiba ya msidiri, na mimi nikicheza mbele yao, nisikufiche, huku nikilia kwa ndani. Mwalimu wa chuo alichechemea wiki nzima. Lakini walicheka, Abdalla. Toka tushuke melini sikupata kuwaona watu wale wakicheka. Wakaniita Mzulu. Nililipenda jina lile kuliko nilivyopata kulipenda jina nililopewa na babangu.

Asubuhi ile akaja Mzee Hilali. Huyu alikuwa arifu, mwenye kugawa zamu za maji, anakijua kivuli cha kijiti chake kama wewe unavyoijua saa. Akatutazama miguuni mmoja mmoja, akauliza makubadhi yako wapi. Nikamjibu watu wangu hawavai.

"Hapa kwetu," akasema, polepole ili Kiarabu chake nikifahamu, "anayeshuka huacha makubadhi yake mdomoni mwa shimo, vidole vikitazama shimo. Akitoka huyavaa mwenyewe. Hayagusi mtu mwengine, hata mwanawe. Na panapo makubadhi, maji hayafunguliwi."

Nikawatafsiria wenzangu kwa mzaha, nikasema huyu mzee anataka kutuhesabu kwa viatu kama msikiti siku ya Ijumaa. Nikamwambia mzee kwamba mfalme wa Wazulu alikuwa na watu elfu na elfu na hakuna hata mmoja aliyevaa kiatu. Akaniuliza mfalme huyo falaj yake iko wapi. Nikamjibu ni kubwa kuliko yako. Akaitazama miguu ya fundi cherahani, iliyokuwa inatoka damu, akaenda zake bila ya kuaga.

Kazi ilikwenda, usidhani haikwenda. Niliwagawa pembe mbili, moja inachimba kutoka mlimani kuja chini, moja kutoka mashambani kwenda juu. Watu walioshika sindano na fidla walitoa tope kwa vikapu, shimo hadi shimo, mpaka wenyeji wakawa wanakuja kutazama. Mimi nilikuwa juu nikitembea toka shimo hili mpaka lile nikitoa hekima.

Khamis ndiye aliyekuwa akinikata. Kila tukikaa kula huniuliza, "Mzulu, mfalme wako alikufaje?"

Mimi humjibu wafalme hawafi, huchoka. Hiyo umeiandika, nambari kumi na tisa. Watu hucheka, naye hucheka nao, halafu kesho huuliza tena. Kumbe alichotaka ni nifikiri. Mimi nikadhani anataka kunishusha.

Kisha nikasikia kutoka kwa fundi cherahani kwamba Khamis kenda kwa Mzee Hilali nyuma ya mgongo wangu, kukaa naye, kumuuliza ile ada ya makubadhi, na kwamba amekuwa akiwanong'oneza watu wachukue makubadhi yao waende nayo shimoni. Wallahi niliungua. Jirani alinionesha kidole nikavumilia, binamu akanicheka nikavumilia, lakini Khamis nililala naye jamvi moja chuoni, nikala naye mkate mmoja melini. Nikamwita mbele ya wote, nikamwambia ukinikataa nikatae usoni.

"Sikukatai wewe, Seif," akasema. "Nakukatalia miguu ya watu."

Hakuniita Mzulu. Kuna mmoja nyuma alicheka, sijui nani mpaka leo, na mimi nilikisikia kicheko kile tu. Basi nikamtia adabu mbele yao. Nikasema kwa kuwa Khamis anapenda sana miguu, toka leo kazi yake ni kuhesabu vichwa: nani kashuka, nani katoka. Wakacheka wote kwa pamoja, upande wangu. Ndivyo kazi ile ilivyopatikana. Ilianza kama kejeli, na ikaja kuwa kitanzi cha mtu.

Siku ya mwisho nilikuwa nimeshawapelekea habari wazee wa Bawshar kwamba maji yatafika msikitini kabla ya adhana ya Alasiri, watawadhe kwayo. Nani aliniambia nitaje saa? Hakuna. Juu, maji tuliyazuia kwa magogo ya mitende na magunia ya udongo. Adhuhuri pembe mbili zikakutana, watu wakatoka mmoja mmoja wamepakwa tope kama samaki wa kupaka, wakaanza kujiosha. Kilichobaki ni tope kidogo katika shimo la kati.

Hadithi uliyoilia wewe inasema hivi: nilimuuliza Khamis wote wametoka, akasema wote, nikafungua maji, na Salum alikuwa bado chini. Maji yalimkuta ameinama. Yakamsukuma mpaka kwenye kona, mawe ya ukingo yakamshukia nyongani. Khamis akajirusha katika shimo la mbele, akamkamata kwa kanzu, akamshikilia mpaka tukayaziba tena maji. Na mimi nilikuwa nikiongeza hapo, unakumbuka, kwamba Khamis aliruka kwa sababu dhambi yake ilikuwa ikimsukuma.

Mtu haruki katika maji yale kwa dhambi, mwanangu. Nilijua hivyo siku ile ile.

Na sikumuuliza Khamis kitu. Alikuwa shimo la mbali, mgongo kanigeuzia, anakusanya vikapu. Sikumwita. Nilikuwa nawasikia wazee wanakuja nyuma yangu, na jua linashuka, na kinywani nna neno la mfalme tayari. Nilisema kwa sauti, ili wasikie, mfalme hangoji maji, maji humngoja mfalme, nikavuta gogo la kwanza.

Tulipomtoa Salum tukamlaza, Mzee Hilali alikuja akasimama juu yetu. Aliuliza neno moja tu, kulikuwa na makubadhi mdomoni mwa shimo? Wakamjibu watu wa huyu hawavai. Akauliza basi nani aliyekuwa na hesabu. Mimi nikasema Khamis. Nikasema Khamis ndiye aliyeniambia wametoka wote. Ulimi wangu, ule nilioupangia foleni, haukujikwaa hata kidogo.

Khamis alikuwa amepakata kichwa cha Salum, maji yanamchuruzika. Akainua uso, akatazama pale mdomoni mwa shimo, pembeni, akatazama kwa muda kama aliyepoteza kitu. Halafu akanitazama mimi. Nilingoja aseme. Wenzetu wote na wazee wote wa Bawshar wanamtazama.

"Nilikosea hesabu," akasema.

Kwa nini, nilikuja kumuuliza siku tatu baadaye, ndani ya kibanda cha makuti, Salum kalala na homa yake. Alinijibu bila ya hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mimi nna miguu ya kuondokea. Salum hana. Atakaa kwako, atakula mkononi mwako mpaka mmoja wenu afe. Mtu hashibi mkononi mwa aliyemvunja. Bora awe kavunjwa na mimi."

Akaondoka mwezi ule. Mpaka anapanda meli, sokoni Matrah watu walikuwa wakimpigia kelele, "Khamis, tuhesabie!" Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nikicheka nao. Na kila msafiri anayetoka Kuwait huja na salaam zake, mimi huzipokea mlangoni nikazizika hapo hapo. Mwaka huu haikuwa salaam tu. Alimtuma mtu aseme: mtoto wa Seif nasikia keshakuwa mkubwa, mleteni, skuli iko, na kitanda kiko. Sikumwomba. Ningeliomba vipi.

Jambo la nne nililoambiwa na mpishi wa meli ni kwamba mfalme yule aliuawa na ndugu zake mwenyewe. Walimjia karibu, kama alivyofundisha, akawaona macho. Hilo sikuwatolea watu, lilikuwa linaharibu hadithi. Lakini baada ya Bawshar nililitoa, nikalivaa. Nikawa nasema nimechomwa na ndugu kama alivyochomwa yeye. Wewe ukalia. Unaona sasa katika kisa kile nilijikalisha pahala pa nani.

Sina hekima ya arobaini na mbili. Nimejaribu kuitafuta toka nimeanza kuandika, maana nakujua unapenda nambari shufwa. Lile daftari usilitupe, lakini pale juu ufute jina la mfalme, uandike langu. Mzigo wangu ukae kwangu. Na hao watano walio nyuma yako, ukiwa na shaka nani yupo na nani hayupo, ona haya yote duniani isipokuwa haya ya kurudi kuuliza.

Khamis utamjua. Mfupi, sikio la kushoto limekatika ncha kwa mnyororo wa baiskeli. Mwamkie kama unavyoniamkia mimi. Usimwambie unajua, atajua mwenyewe, kwa sababu chini ya sanduku lako, chini ya kanzu ya sikukuu, kuna kifurushi cha gunia nilichokishona mimi. Mamaako hakijui. Mpe mkononi.

Sasa nimebakisha moja, na nimelizunguka kurasa zote hizi kama pembe ya fahali.

Ungeweza kusema, baba alifanya haraka. Baba alisahau. Alikuwa na majivuno, hakuuliza, akaja akaogopa akasema uongo. Hayo yote kweli, na mtu anaweza kuishi nayo. Wengi wanaishi nayo. Lakini unajua kila sikukuu namnunulia ami yako makubadhi mapya, naye huyasukuma chini ya kitanda, husema anangoja yale ya zamani. Wewe hudhani ni utani wa mtu aliyelemaa. Mara moja tu aliniuliza. Alikuwa anatia uzi sindanoni, akasema, "Seif, makubadhi yangu yaliishia wapi?" Nikamwambia yalichukuliwa na maji. Akasema, "Maji hayapandi shimo," akaendelea kushona. Hakuuliza tena. Yuko hapo nje sasa hivi, anaimba.

Asubuhi ile Khamis alimsihi ayachukue, naye Salum, ambaye hakupata kunivunjia neno mbele ya watu, aliyaficha ndani ya kikapu akenda nayo mpaka mdomoni mwa shimo. Mimi nilipokuwa nakwenda kufungua maji nilipita shimo la kati. Wazee wanapanda kilima nyuma yangu, Mzee Hilali mbele yao, na mimi nshawaapia kwamba katika watu wangu hakuna avaaye. Sikuyaona kwa mbali, wala jua halikuwa machoni. Niliinama nikayaokota. Ngozi ilikuwa bado mbichi kwa jasho lake. Nikayatia kifuani, ndani ya kanzu, wasiyaone, nikenda nikafungua. Ndiyo hayo yaliyomo katika kifurushi.

Yalikuwa yamepangwa vizuri, sawasawa, kama apangavyo yeye kila kitu. Vidole vilikuwa vinatazama shimo.

Babaako,
Seif